MTOTO ASIYE NA KOPE: JINA LA UGONJWA LINAJIBU SWALI GANI?



Leo tunataka kuwaza pamoja juu ya neno moja ambalo wengi wetu hatujalisikia hata siku moja. Neno lenyewe ni ablefari. Wanganga waliosoma katika Kifaransa wanalisema hivyo, wengine wanasema ablefaroni. Maana yake ni kuzaliwa bila kope za macho. Ni neno la nadra juu ya jambo la nadra sana, na mkunga anaweza kuzalisha wamama maisha yake yote bila kuliona. Lakini swali linalotembea nyuma ya neno hili si la nadra hata kidogo. Linaingia katika kila nyumba ambamo mtoto amezaliwa na mwili usiofanana na wa wengine. Jamaa wanauliza: ni nini hii? Munganga anajibu kwa jina. Na sisi tunauliza: je, kulipa jambo jina ni kulieleza? Na kama si kulieleza, jina linafanya kazi gani?

Tuanze na kope zenyewe, maana wengi wanachanganya. Katika Kiswahili neno kope linabeba vitu viwili: zile nywele fupi za ukingoni mwa jicho, na ile ngozi inayoshuka na kupanda juu ya jicho. Ukisikia kwamba mtoto wa jirani hana kope, unaweza kufikiri ni nywele tu, ukasema haizuru, zitaota. Hapa hatusemi juu ya nywele. Tunasema juu ya kifuniko chenyewe.

Kifuniko hiki kinafanya kazi mchana kutwa bila kutuomba ruhusa. Mtu mzima anapepesa macho mara kama 15 kwa dakika moja. Mtoto mchanga anapepesa mara chache zaidi. Kila mara kope inaposhuka inatandaza machozi juu ya jicho, kama mama anayepitisha kitambaa chenye maji juu ya meza. Ukingoni mwa kope kuna vitundu vidogo vinavyotoa mafuta kidogo kusudi machozi yale yasikauke upesi. Na sehemu ya mbele ya jicho, ile inayong'aa kama kioo, ambayo wanganga wanaiita konea, haina mishipa ya damu. Inaishi kwa machozi na kwa hewa. Ikikauka, inapasuka, inafanya kidonda, na kidonda kikipona kinaacha doa jeupe ambalo mwangaza hauwezi kupita. Usiku ni hatari zaidi, sababu sisi wengine tunalala tumefunga, na yeye analala macho wazi.

Shikeni jambo hili, maana ndilo linaloamua mengine yote. Mara nyingi mtoto huyu hakuzaliwa kipofu. Jicho lake linaweza kuwa jicho zima linaloona. Linaweza kupofuka katika siku ama majuma ya kwanza, wakati watu wazima walikuwa wanajadiliana kitu kingine.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawakuambiwa. Ndani ya tumbo la mama, kila mmoja wetu alikuwa na wakati ambapo hakuwa na kope. Katika mwezi wa pili mikunjo miwili ya ngozi inaanza kuota, mmoja juu na mmoja chini ya jicho. Inakua, inakutana, inashikana, na macho yanabaki yamefungwa kwa miezi kadhaa. Mnamo mwezi wa sita ama wa saba yanafunguka. (Mliofuga mbwa mnajua: mtoto wa mbwa anazaliwa angali amefunga macho, na sisi tunamalizia kazi ile ile tumboni.) Kwa hiyo anayezaliwa bila kope za kutosha hakutoka katika njia nyingine isiyo ya watu. Alipita njia yetu, na kazi moja kati ya kazi nyingi haikufika mwisho.

Sasa tusikilize majina ambayo watu wanampa. Wanasema macho yake ni macho ya nyoka. Wanasema mama yake alikanyaga nyoka akiwa na mimba, ao alimtazama nyoka akashtuka. Wengine wanasema alikula chakula ambacho ukoo wao unakataza. Na wengine wanashusha sauti na kutaja ulozi.

Msomaji aliyesoma shule asiwacheke watu hawa haraka. Kwanza, waliona sawa: nyoka kweli hana kope zinazofunga, na samaki wengi vile vile. Pili, wenye elimu walifanya hivyo hivyo. Kuna jamii ya mijusi midogo ambayo wataalamu wa wanyama waliiita Ablepharus, kwa neno lile lile, juu ya macho yake yasiyofunga. Na mgonjwa asiyeweza kufunga jicho lake vizuri, wanganga wanasema ana lagofthalmosi, neno la Kiyunani linalomaanisha jicho la sungura, kwani watu wa zamani waliamini kwamba sungura analala macho wazi. Basi mwanakijiji anasema nyoka, munganga anasema sungura. Wote wawili waliazima mnyama kusudi wapate la kusema.

Na neno ablefari lenyewe linasema nini? Limetoka katika Kiyunani, lugha ile ambamo Agano Jipya liliandikwa. Herufi a mbele ya neno inakana, na blefaroni ni kope. Bila kope. Ndiyo hayo tu! Mama aliyetoka kujifungua aliona kwa macho yake kwamba mtoto hana kope, akamwuliza munganga, naye munganga akamrudishia maneno yake mwenyewe katika Kiyunani. Mama akashukuru, akafikiri sasa jambo limeelezwa. Hapo tunapashwa kusema wazi: bado halijaelezwa. Jina la namna hii ni picha ya kile kilichoonekana. Mwenye kulitamka kwa sauti kubwa mbele ya watu wasiojua Kiyunani anaweza kuonekana anajua zaidi kuliko anavyojua, na wako wanganga wachache wanaopenda kuonekana hivyo.

Kama ni hivyo, mtu atauliza, tofauti iko wapi kati ya ablefari na macho ya nyoka? Yote mawili ni picha. Kwa nini tuliheshimu moja na kulikataa lingine? Kusema kwamba moja limetoka lopitali haitoshi.

Tofauti ya kwanza tunaiona katika historia ya neno lenyewe. Mwaka wa 1977 wanganga wawili, McCarthy na West, waliandika juu ya watoto wawili waliokuwa na kope kama hazipo, mdomo mpana kupita kawaida, masikio madogo, na ngozi nyembamba yenye mikunjo. Wakauita ugonjwa ule ablefaroni-makrostomia, ndiyo kusema bila kope na mdomo mpana. Baadaye wapasuaji wa macho waliwatazama watoto wengine wa namna hii kwa karibu sana, wakakuta kwamba kope zipo. Ziko zote nne. Lakini ngozi yake ya nje ni fupi mno, inavuta kope nyuma hata huwezi kuiona. Wakaandika wazi kwamba jina lile halikuwa sawasawa, na wengine wakaanza kusema "ugonjwa unaoitwa bila kope". Kwa mpasuaji tofauti hii ni kubwa: pasipo kitu unapashwa kuumba kipya, lakini penye kitu kifupi unaweza kukirefusha.

Halafu ikafika mwaka wa 2015. Watafiti wakatangaza kwamba wameona chanzo katika jeni moja inayoitwa TWIST2, iliyo katika kromosomu ya 2. Jeni ni kama agizo lililoandikwa ndani ya mwili. Agizo hili linaongoza utengenezaji wa protini moja inayoamuru kazi nyingine wakati ngozi na mifupa ya uso vinaota. Protini ile ni kama mnyororo wa viungo 160. Kwa watoto hawa, kiungo cha 75 ndicho kimebadilika. Kiungo kimoja! Na kulikuwa na ugonjwa mwingine uliokwisha kupewa jina lake mwaka wa 1982, ugonjwa wa Barber-Say, wenye nywele nyingi mwilini na kope zilizopinduka. Ikaonekana kwamba nao unatoka katika jeni ile ile, kwenye kiungo kile kile, ila badiliko ni la namna nyingine. Majina mawili yaliyokaa mbali katika vitabu kumbe yalikuwa ya ndugu wawili.

Angalieni basi. Jina la munganga lilikosea, na wanganga wenyewe wakalisahihisha. Waliuliza mwili wa mtoto, mwili ukajibu. Sasa niambieni: mtu aliyemwita mama mlozi, nani amewahi kumwona akirudi, akasema nilitazama tena, sikuona sawa? Mtoto akifa, anasema ulozi umemla. Mtoto akipona, anasema ulozi umeondolewa. Mama akilia, ni alama. Asipolia, ni alama zaidi. Neno ambalo kila tukio linalikubali halikujifunza kitu kutoka kwa tukio lolote. Hapo ndipo tunapoliona kuwa neno baya, hata kabla ya kuhesabu mabaya liliyoyafanya.

Tofauti ya pili ni kwamba ablefari halitafuti mkosaji. Badiliko lile la TWIST2 mara nyingi halikutoka kwa baba wala kwa mama. Lilitokea jipya pale mtoto alipoanza kuumbwa, na hakuna chakula kilichofanya, wala nyoka, wala neno la hasira la mama mkwe. Mara nyingine mzazi mwenyewe analo, labda kwa upole, na hapo kila mtoto wake ana nafasi moja katika mbili kulipokea. Hata hivyo hakuna aliyelipanda kwa makusudi. Kuna wababa ambao, wakisikia "jeni", wanauliza haraka: imetoka upande gani, kwetu ama kwao? Ni swali la zamani limevaa nguo mpya. Kujua upande kunasaidia jamaa kujiandaa kwa mimba nyingine. Kukitumiwa kumrudisha mama kwao pamoja na mtoto, kumekuwa ulozi tena, kwa maneno ya shule.

Na tusiseme jambo hili kama jambo la mawazo tu. Katika inchi yetu ya Kongo wako watoto waliofukuzwa nyumbani juu ya mwili wao. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtendea vibaya na kumshitaki ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mwenye kumshitaki hivyo. Tunaandika tarehe hizi kusudi mama aliyeshitakiwa, ama shangazi anayemtetea, awe na kitu cha kusema mbele ya baraza la jamaa. Tena kusudi wahubiri na waonaji wajue kwamba sheria haiulizi kama maneno yalisemwa sokoni ama katika maombi.

Hapa wengine watatushitaki sisi. Watasema: ninyi mnaandika katika gazeti la kanisa, kwa nini mnazungumza jeni na viungo, kwani Mungu amekwenda wapi? Tunajibu bila woga. Swali la nani alikosa liliulizwa zamani mbele ya Bwana mwenyewe, juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama tunavyosoma katika Injili ya Yoane, sura ya 9. Wanafunzi walileta majibu mawili tayari, huyu ama wazazi wake, wakaomba achague. Yeye alikataa yote mawili. Kisha akainama, akafanya tope, akagusa macho ya mtu yule, akamtuma kwenda kunawa. Sura ile inaendelea na mabishano marefu, majirani, wazazi wenye hofu, wakubwa wa dini wanaohoji. Wengi wanataka kuamua mtu yule ni nani na alitoka katika dhambi gani. Mwenyewe anachojua ni kwamba sasa anaona.

Hatusemi kwamba jeni inajibu kila kitu. Ukimwuliza mtafiti kwa nini kiungo cha 75 kilibadilika kwa mtoto huyu, si kwa yule aliyezaliwa kitanda cha pili, hana jibu, na mwaminifu kati yao hatalitunga. Mama atabaki na swali lake, na ana haki ya kulibeba mbele za Mungu mwaka hata mwaka. Kosa letu sisi tulio karibu naye ni kulijaza pengo lile kwa jibu la bei rahisi kwa sababu sisi wenyewe hatupendi kunyamaza.

Jina zuri nalo linaweza kuharibika. Tunajua namna watu wanavyofanya katika maternite: yule wa kitanda cha tatu anakuwa "ule upasuaji", mwingine anakuwa "ile malaria". Mtoto huyu naye atakuwa "ile ablefari", na wanafunzi wa utabibu watakuja kwa zamu kumtazama, na majirani nyuma yao. Wahenga walisema macho hayana pazia, kwa maana jicho linaona lolote linalopita mbele yake. Methali hii kwa kawaida tunaitumia kujitetea tunapoona yasiyotuhusu. Lakini mwenye macho yasiyo na pazia kweli ni mtoto yule peke yake, na yeye hawezi hata kujificha kwetu kwa kufumba. Sisi tuna pazia, tunaweza kulishusha, na bado tunakodoa. Watoto hawa wanakua. Wengine wanachelewa kusema, lakini wako waliofika utu uzima na kuzaa watoto wao. Wanakumbuka waliotazamwa vipi.

Kwa upande mwingine, jina linapofanya kazi yake, linaharakisha mikono. Kuna ugonjwa unaofanana nalo kwa masikio ya asiyejua, lakini ni kinyume kabisa: kriptofthalmosi, jicho lililofichwa, ambapo ngozi inapita juu ya jicho lote bila nafasi. Kuna koloboma ya kope, ambapo kope ipo lakini kipande kimekosekana, kama shati lililopasuka ukingoni. Mkunga akituma ujumbe kwamba "macho ya mtoto si mazuri", munganga wa mjini hajui kama ajiandae leo ama juma lijalo. Akiandika kwamba kope hazifuniki, konea iko wazi, munganga anajua kwamba anahesabu masaa.

Na kabla ya mjini? Pomada ya macho ya tetrasikilini, ile inayopakwa kwa watoto wachanga katika vituo vyetu vingi vya afya, inaweza kulinda unyevu wakati mtoto anasubiri kupelekwa, kwa maelekezo ya muuguzi. Inapashwa kurudiwa mara nyingi, mchana na usiku. Jicho lifunikwe kwa namna inayozuia upepo na kutunza unyevu, pasipo kitambaa kikavu kugusa konea, maana kitambaa kikavu kinakwangua. Moshi wa jikoni na vumbi la barabara ni adui. Maji ya majani na dawa za kudondosha ambazo hakuna anayezijua zisiingie, hata kama zimetolewa na mtu anayeheshimiwa. Kisha mpasuaji wa macho atachukua kipande cha ngozi mahali pengine mwilini na kukishona kusudi kope zirefuke. Mara nyingi haiishi kwa mara moja, kwa sababu uso unakua na ngozi ile inavuta tena.

Tunajua wapasuaji wa namna hii ni wachache katika inchi yetu na wanakaa mijini, na njia ni ndefu na ya bei. Kati ya kuzaliwa na kupasuliwa kunaweza kupita majuma mengi. Majuma yale yote mama anaamka usiku baada ya saa moja ama mbili, anawasha taa, anapaka pomada, anaangalia kama jicho limekauka, anarudi kulala, anaamka tena. Hakuna mtu mmoja anayeweza kufanya hivyo mwezi mzima, na hasa aliyejifungua juzi. Wamama wa kikundi wanaweza kugawana usiku, wawili wawili: mmoja mpaka saa saba, mwingine mpaka asubuhi. Wababa watafute mafuta ya taa na pesa ya njia. Anayekuja afundishwe kwanza na muuguzi, anawe mikono kwa sabuni, na akiingia ndani amsalimie mtoto kwa jina lake alilopewa.